Laini ya Tatu

Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni vidole.
Miaka kumi na mmoja nimekaa upande huu wa kioo,
ghorofa ya nne, Ngara, juu ya duka la miwani,
nikiwaona watangazaji wa michezo wakija
na sauti zilizopigwa pasi.

Mmoja sauti yake ilikuwa asali ya Kitui,
ukimsikia unatamani kumkopesha pesa.
Alijua nani kakohoa Uingereza.
Hakujua kwamba jana, pale Toyoyo,
mvua iliwafukuza wachezaji dakika ya sabini.
Alidumu miezi mitano.

Mwingine alikuwa wa takwimu,
pasi mia nne na sita, kona kumi na moja,
akihesabu kama karani wa sensa mlangoni,
na taa zote sita za simu zikalala
kama duka siku ya matanga.

Kisha Nafula Wekhanya. Sauti yake ina kikwaruzo,
kiti kinachovutwa sakafuni.
Meneja alisema: wiki mbili, tumjaribu tu.
Huu ni mwaka wake wa saba.

Mnaniuliza siri. Siri sina, nina niliyoyaona.

Nimeona daftari lake la shule, kurasa thelathini na mbili:
Mutheu, mitumba, Gikomba, mumewe shabiki wa wapinzani.
Askari wa usiku, Lunga Lunga, goti la kushoto.
Kijana wa Kangemi asiyetaka kuitwa kijana.
Goti huulizwa hali kabla ya ligi.

Nimemwona akitabiri Mabati watashinda matatu.
Mabati wakala manne.
Kesho yake, kabla hata ya salamu, akaniambia:
Cheza sauti yangu ya jana.
Nikaicheza yote, mpaka kile kicheko cha kujiamini.
Akasema: "Huyo mama ni nani? Mfukuzeni."
Taa sita zikawaka kwa pamoja.

Nimemwona akinyamaza.
Kipa wa Mabati alipofungwa katikati ya miguu
na mama yake kipa akapiga simu,
Nafula hakusema pole, hakusema ndio mpira.
Sekunde tisa. Nilizihesabu,
kidole juu ya kitufe cha tangazo,
maana redioni kimya ni deni.
Akaninyoshea kiganja: acha.
Tukasikia kisu kikigonga sufuria, mama anamenya kitu.
Halafu mwenyewe akasema, "Basi. Jumamosi atadaka."

Lakini mlitaka habari za Jumba.

Jumba wa Umoja, laini ya tatu, kila Alhamisi:
"Wewe mwanamke, rudi jikoni ukatangaze ugali!"
Mimi tayari kumkata.
Nafula hakuniruhusu hata siku moja.
"Ugali nimeshasonga, Jumba. Beki wa kushoto tumtoe?"
Na Jumba, kwa hasira ileile,
akasema neno la maana juu ya beki wa kushoto.

Alhamisi moja laini ya tatu haikuwaka.
Wala iliyofuata.
Ya tatu, Nafula akasukuma kando karatasi za wadhamini,
akasema hewani: "Kuna mtu hajanitukana wiki tatu
na sina raha. Anayemjua Jumba aniambie."

Akapiga fundi wa friji, jirani yake:
Jumba amelazwa, sukari, wamemkata vidole viwili vya mguu,
redio wadini ni moja
na muuguzi wa zamu hasikilizi mpira.
Nafula akamwomba yule muuguzi, kwa hisani yake, dakika kumi,
akamsomea matokeo mtu mmoja, polepole,
kama anayelisha uji kwa kijiko,
na jiji zima likasubiri foleni.

Wiki mbili baadaye, taa ya tatu.
Sauti nyembamba, imepungua kilo:
"Nafula, jina la yule winga ulilitamka vibaya.
Hii kazi huijui."

Nilimwona kupitia kioo akifuta jicho kwa mkono wa sweta.
Kisha, kwa sauti ile ya kiti:
"Nifundishe, Jumba."

Taa nyingine tano zilikuwa zinawaka.
Sikuzigusa.